Marubani wa Kwanza na Sisi Tuliokuwa Ardhini

Maudhui niliyopewa yanahusu filamu ya futuhi iliyotengenezwa mwaka 1965 juu ya siku za mwanzo za urushaji wa ndege, na najua wamo kati yenu watakaouliza, kwa haki kabisa, sinema ya Wazungu wanaochekana wao kwa wao inahusiana vipi na mji huu wa Garissa, ulio ukingoni mwa Mto Tana, ambao kiwanja chake cha ndege kimezoea askari, madaktari na wanasiasa kuliko kilivyozoea wacheza sinema. Jibu langu nalitanguliza ili msichoke kulingoja. Masimulizi ya siku za mwanzo za ndege hufichua mahali aliposimama msimulizi ndege ilipopita, kama alikuwa angani au alikuwa ardhini. Na sisi wa Kaskazini Mashariki, ambao ndege imepita juu yetu kwa miaka mingi, bado hatujausimulia upande wetu, si kwa kilio kilichotimia wala kwa kicheko.

Filamu yenyewe inaitwa Those Magnificent Men in Their Flying Machines, na mwongozaji wake alikuwa Ken Annakin. Inaturudisha mwaka 1910, pale mwenye gazeti mmoja wa London, tajiri mwenye kupenda kutajwa, anapotoa zawadi ya pauni 10,000 kwa rubani atakayetangulia kuruka kutoka London mpaka Paris, na mataifa yakaleta vijana wao: afisa wa jeshi la Uingereza, Mmarekani asiye na kitu mfukoni, Mfaransa mwenye moyo mwepesi kwa wanawake, Mwitaliano mwenye familia kubwa, Mjerumani, Mjapani, na Mwingereza wa pili, Sir Percy, aliyeigizwa na Terry-Thomas, ambaye hila zake zinafika hadi kuivusha ndege yake bahari kwa chombo usiku ili asubuhi aonekane ameruka. Kisa hiki hakikubuniwa hewani tupu. Gazeti la Daily Mail la London lilikuwa kweli likitoa zawadi za namna hiyo: lilitoa pauni 1,000 kwa atakayevuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza, akazichukua Louis Blériot tarehe 25 Julai 1909, na lilitoa pauni 10,000 kwa safari ya London hadi Manchester, akazichukua Mfaransa mwingine, Louis Paulhan, mwezi Aprili 1910.

Katika filamu nzima napenda tutue juu ya mtu mmoja, Kanali von Holstein, aliyeigizwa na Gert Fröbe. Rubani wa Kijerumani anapougua, kanali anaona aibu taifa lake likose nafasi, naye anaamini kwa moyo wote kuwa afisa hashindwi na jambo lolote maadamu ana maelekezo yaliyoandikwa. Basi anapanda mwenyewe, hali hajapata kurusha ndege maishani, kitabu mkononi, na anaanza na amri ya kwanza kabisa, ambayo ni kuketi. Anaketi. Anasoma ya pili, anaitii, anasoma ya tatu, anaitii, na ndege, ambayo haikusoma kitabu, inampeleka mpaka juu ya bahari, inageuka miguu juu kichwa chini, na mwisho wake ni majini. Tunamcheka kanali, lakini hatumchukii. Na sababu yake ni kwamba tumeuona uso wake kwa karibu, tumeona jasho lake na tumaini lake, na tumemtazama kutoka chini, pale walipo watu wa kawaida shingo zimepinda na mikono imekinga jua.

Hapo ndipo ilipo siri ya futuhi hii, na heshima yake. Watengenezaji wake hawakuridhika na michoro na vikaragosi, bali waliziunda upya ndege za mwaka 1910 kwa mbao, nyaya na vitambaa, wakazipa injini, na zikaruka kweli mbele ya kamera. Moja kati yake, ya umbo la Demoiselle iliyobuniwa na Mbrazili Alberto Santos-Dumont, ilikuwa ndogo na dhaifu hata isiweze kumwinua mwanamume mzito, ikalazimu irushwe na mwanamke mwepesi wa mwili, Joan Hughes, ambaye wakati wa Vita vya Pili alikuwa miongoni mwa wanawake waliozitoa ndege za kivita viwandani na kuzifikisha kambini. Tunapoziona nyaya zikitetemeka na bawa likipinda tunajua kuwa hatari ni ya kweli, na kicheko chetu kinatoka pamoja na pumzi tuliyokuwa tumeizuia. Kwa rai yangu, futuhi isiyokipa chombo haki yake haichekeshi mtu mwenye akili. Na tena, mashindano hayo hayamalizwi kwa ushindi mtupu, kwani Mmarekani anaacha njia ili amwokoe Mwitaliano ambaye ndege yake inawaka moto, na Mwingereza, aliyefika mbele yake kwa sababu hiyo, anakataa kuichukua zawadi peke yake.

Lakini dunia ya filamu ile inaishia Paris. Ilhali miaka kumi baada ya hayo yalifanyika mashindano mengine, ya kweli, marefu kuliko yale mara nyingi, na njia yake ilipita katika nchi zetu. Nayo, ingawa hakuna aliyeyatengenezea futuhi, yana kila kiungo cha futuhi ndani yake. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilituma makundi matatu ya wapima ardhi kutafuta na kuandaa viwanja vya kutua ndege kutoka Misri mpaka Rasi ya Tumaini Jema, na kila palipochaguliwa kiwanja, Waafrika waliajiriwa kufyeka miti, kung'oa visiki na kubomoa vichuguu kwa majembe na mitaimbo. Viwanja vilipokuwa tayari, marubani wakaja. Tarehe 24 Januari 1920 kampuni ya Vickers ilirusha ndege yake aina ya Vimy kutoka Brooklands, Uingereza, na ndani yake, kwa niaba ya gazeti la Times, alikuwamo mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell. Tarehe 4 Februari wakamfuata Waafrika Kusini wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, katika Vimy nyingine waliyoiita Silver Queen. Gazeti jingine, Daily Telegraph, nalo lilikuwa na ndege yake, na hiyo ikaanguka Sudan.

Yaliyowapata baada ya hapo yangemfaa kanali wetu. Ndege ya Times ilipita Kisumu, ikafika Tabora, na tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiondoka, ikaanguka ikavunjika, na mtaalamu wa wanyama akatoka mzima. Silver Queen ya kwanza ilivuja maji ya rejeta usiku, ikavunjika Korosko, kaskazini ya Wadi Halfa. Wenyewe wakapewa ya pili huko Misri, wakaipitisha Kisumu na Shirati salama, nayo ikawavunjikia Bulawayo. Wakapewa ya tatu, ndogo, aina ya DH9, na hiyo ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi, siku 45 tangu waondoke, ingawa saa walizokuwa angani hazikuzidi 110. Katika mashindano yale hakuna aliyefika kwa ndege aliyoondokea. Serikali yao iliwatunuku pauni 5,000 kila mmoja, na mfalme wa Uingereza akawapa cheo cha Sir.

Sababu ya maanguko hayo haikuwa uzembe, wala rejeta peke yake. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi, na nyanda za juu huipunguza zaidi, hivyo bawa likakosa cha kuliegemeza na injini ikakosa pumzi. Chombo kilichoundwa kwa asubuhi za baridi za Uingereza kilitakiwa kupaa katika joto kutoka Tabora au Bulawayo, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, tangi likiwa limejaa mafuta. Wachungaji wetu, ambao hawakupata kusoma juu ya uzito wa hewa, wanajua vema kuwa tai haanzi kuzunguka mpaka jua lipande na upepo wa joto uinuke; elimu ya anga ilikuwako huku chini, lakini hakuna aliyeiulizia.

Na hili la kutokuulizwa ndilo linalonisumbua. Van Ryneveld na Brand wana majina. Waliobomoa vichuguu hawana. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo ya Denys Finch Hatton ilianguka Voi punde baada ya kupaa, wakafa watu wawili, yeye na mtumishi wake Kamau; na filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoliza watu duniani kote, inamwomboleza mmoja.

Sasa naomba niseme juu ya Wasomali, na naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa kicheko kinasimama kando. Tarehe 21 Januari 1920, siku tatu tu kabla ya ndege ya Times kuondoka Brooklands, ndege za jeshi la Uingereza aina ya DH9, aina ileile iliyomaliza safari ya Cape Town, ziliruka katika Somalia ya Kiingereza zikaishambulia Medishi, alipokuwa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, mshairi na kiongozi wa Madarwishi, aliyekuwa amepigana na Waingereza, Waitaliano na Wahabeshi kwa miaka zaidi ya ishirini. Zilikuwa 12, zililetwa Berbera kwa meli iitwayo Ark Royal, na watu wa Medishi hawakuwa wamepata kuona ndege. Bomu lilianguka karibu na Sayyid, likaua watu waliokuwa kando yake na kuunguza nguo zake. Kisha ikapigwa Taleh, ngome yake kubwa. Sayyid aliponea Ogaden, akafa Imi mwezi Desemba mwaka huohuo kwa maradhi ya homa. Huko London gharama ya vita hivyo, pauni 77,000, ilihesabiwa kuwa ndogo mno, ikasifiwa Bungeni, na mbinu ileile ikapelekwa Iraki.

Zipimeni tarehe hizo. Katika majuma yaleyale ambayo marubani walikuwa wakivunjika Korosko na Tabora kwa ajili ya zawadi na magazeti, na kila kuanguka kwao kukisomwa mezani pamoja na chai, marubani wengine, wa jeshi la Uingereza, walikuwa wakiwaangushia mabomu watu wa pembe ya pili ya Afrika ya Mashariki, ndugu wa wengi walioketi humu ukumbini. Habari za kwanza zimo katika vitabu vya mashujaa. Za pili zimo katika vitabu vya majeshi na katika vifua vya washairi wa Kisomali. Mimi sidai kwamba filamu ya 1965 ilipaswa kuyataja haya. Nadai kwamba sisi tunaoitazama tunapaswa kuyajua, ili tusiazime siku za mwanzo za watu wengine tukadhani ni zetu.

Baadaye ndege ilikuja huku kwa sura nyingi. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku ya tatu, alfajiri, ndege zake aina ya Caproni zikaipiga Wajir. Kisha Garissa yetu ikawa mlango wa majeshi ya Waingereza kuelekea Kismayu, waliyoitwaa Februari 1941. Kuanzia mwaka 1957 madaktari warukao wa AMREF wakaanza kushuka katika viwanja vya vumbi vya nchi hii, na wagonjwa ambao zamani wangefia njiani wakafika hospitalini. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoukata mji huu na Nairobi, chakula kilitoka juu. Nzige walipoingia kupitia Mandera mwishoni mwa mwaka 2019, ndege za kunyunyiza dawa zikaja nyuma yao. Na hapo katikati, Jenerali Mahamoud Mohamed, mwana wa jamii ya Kisomali ya Kenya, baada ya askari wa anga kujaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, alikabidhiwa jeshi zima la anga aliongoze: jambo ambalo mtu wa Medishi asingelisadiki hata kwa kiapo.

Katika haya mna mengi ya kuchekesha, na mwenye kusema Wasomali hawacheki hajapata kukaa nao kwenye kibanda cha chai, kwani ni nani wa mji huu aliyesalimika na lakabu? Ulimi unaoweza kumtazama mtu mara moja ukampa jina litakalomfuata kaburini ni ulimi uliozaliwa kwa futuhi.

Lakini iko mipaka, na lazima niitaje wazi, maana hapa kwetu neno kiwanja cha ndege lina kivuli chake. Mwezi Februari 1984, kuanzia tarehe 10, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, wakavuliwa nguo, wakapigwa, na wengi wakauawa. Serikali ilikubali kwa muda mrefu vifo 57. Wenyeji walihesabu mamia na maelfu, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu ya maovu hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Mtengenezaji wa futuhi atakayekuja kutoka kwetu hana budi kuijua Wagalla kama anavyoijua nyumba ya mama yake, si kwa ajili ya kuiweka ndani ya hadithi, bali ili asifanye mzaha mahali ambapo wajane wanasikia.

Nimetafuta filamu zilizotutazama sisi. Ipo Watu Wote ya mwaka 2017, juu ya abiria Waislamu wa basi la Mandera waliowakinga wenzao Wakristo katika shambulio la Desemba 2015, nayo ni kazi njema iliyofika hadi kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Ipo pia Eye in the Sky ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Gavin Hood, na hii ni filamu ya ndege hasa: ndege isiyo na rubani inazunguka juu ya Eastleigh, mtaa wa jamaa zetu, na walio London na Marekani wanabishana kama waachie kombora hali mtoto wa kike anauza mikate jirani. Ni filamu yenye akili na dhamiri, nami siilaumu. Lakini angalieni kamera yake kubwa imewekwa wapi. Mabishano yote, majuto yote, yako kwa wanaotazama kutoka juu. Mtoto anauza mikate, na hajui. Kutoka Medishi mpaka kwenye kioo hicho cha kompyuta, sisi ndio tunaoonekana kwa juu, tukiwa wadogo, bila uso.

Futuhi ya mwaka 1965 inafanya kinyume chake, nayo ndiyo fadhila ninayotaka tuichukue kutoka kwake, tuache mengine. Inamshusha mwenye kuruka mpaka kwenye matope, inamfuta vumbi usoni, inamfanya aombe msaada kwa mtu mwenye ngazi na ndoo. Nadhani mtungaji wa hapa angeweza kubuni hadithi ya namna hii: ni miaka ya 1930, katika wilaya iliyofungwa ambayo mtu haingii wala hatoki bila kibali, na rubani kijana anayetoka Nairobi anapotea, kwa kuwa ramani yake ina mito ambayo katika kiangazi ni mchanga tu, anatua kwenye laga, gurudumu linazama, na wa kwanza kumfikia ni binti mchunga mbuzi na nyanya yake, wenye ngamia waliobeba mikeka na miti ya nyumba ya kuhama. Rubani ana kitabu, kama kanali. Nyanya ana miaka sabini ya kuisoma nchi. Yeye ndiye atakayejua ni udongo gani utabeba gurudumu na ni upi utalimeza, upepo utageuka saa ngapi, na ngamia yupi atakubali kufungwa kamba ya kuvutia chombo kile cha ajabu. Na bei yake ya kusaidia ataitaja baada ya chai, si kabla. Afisa wa wilaya atakuja kuuliza kibali cha nani kimetumika kutua. Hakuna atakayedhalilishwa katika hadithi hiyo, na wote watachekwa, rubani, afisa, nyanya na hata ngamia, kwa kipimo kilicho sawa.

Wako watakaosema kazi kama hiyo inataka fedha nyingi, na ni kweli kwamba ndege za mbao na vitambaa hazijengwi kwa maneno. Hata hivyo, filamu za namna hii huanza na habari, na habari ndizo zinazotupotea. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ya Caproni pale Wajir ni mzee wa miaka tisini na ushei, kama Mungu amemweka. Waliolima viwanja vya kwanza vya Wajir, Mandera na Garissa wamekwisha, lakini watoto wao wako, wanakumbuka walichosimuliwa: posho ilikuwa nini, nani alisimamia, nani alikimbia ndege ya kwanza na nani alisimama. Mji huu tayari una Maktaba ya Ngamia, ambayo tangu mwaka 1996 inawafikishia wafugaji vitabu mahali gari lisipofika. Ngamia haohao wanaweza kurudi na masimulizi yaliyonaswa kwenye simu za vijana, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, yakahifadhiwa hapa Garissa, si Nairobi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, na hasa kwenu wanafunzi, ni hili. Likizo ijayo mkirudi nyumbani, Ijara, Dadaab, Balambala, Hulugho au popote, muulizeni mkubwa wa nyumba aliiona wapi ndege yake ya kwanza, alikuwa akifanya nini, alihofu au alicheka. Yaandikeni majibu yake kwa maneno yake, na jina lake, na tarehe, kisha yaleteni maktaba.